Nani aliamua? Neno moja dogo katika mahojiano na wakubwa wa mpaka

Mwaka jana nilipata kazi ya miezi miwili, ya aina ambayo wanafunzi wa lugha tunaipata mara chache: kusikiliza sauti zilizorekodiwa, kuziandika, kisha kuzifasiri. Mtafiti mmoja alikuwa anachunguza uongozi katika uchukuzi wa kuvuka mpaka kati ya Kongo na Zambia. Alikuwa amewahoji wakubwa kumi na mmoja: watu wa forodha, viongozi wa wasafirishaji, watu wa reli na wastaafu wawili waliowahi kukaa kwenye vikao vya nchi jirani. Mahojiano yote yalifanyika kwa Kifaransa. Kazi yangu ilikuwa kuyaandika neno kwa neno, halafu kutayarisha muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa mbele ya mashoferi na wafanyabiashara wadogo wa Kasumbalesa, ili nao watoe maoni yao.

Niliifanya kazi hiyo chumbani kwetu Makomeno, mara nyingi usiku, kwa sababu umeme ulikuwa unarudi usiku. Sikuiona ngumu. Kifaransa cha wakubwa ni Kifaransa safi, hakina kelele wala vicheko. Sentensi zinafuatana kama mabehewa. Nilichokosea sikukijua mpaka siku muhtasari uliposomwa.

Mmoja wa wakubwa hao alikuwa ameelezea jinsi mahali pa malori kusubiri karatasi palivyohamishwa. Alisema hivi: « On a décidé de déplacer le stationnement. » Mimi nikaandika: « Tuliamua kuhamisha mahali pa malori kusimama. » Nikaendelea na sentensi iliyofuata. Sikusita hata nukta moja.

Kule Kasumbalesa, sentensi hiyo iliposomwa, chumba kilibadilika. Mkubwa mwenyewe alikuwapo, amekaa mbele. Shoferi mmoja wa makamo akasimama, akavua kofia, akasema kwa adabu: « Papa, leo tumekujua. Miaka yote tulikuwa tunatafuta nani alituhamisha. » Wengine wakaanza kusema kwa pamoja. Mkubwa akageuka, akanitazama mimi niliyeshika karatasi. Akasema: « Mwanangu, mimi sikusema vile. »

Nilirudi Makomeno, nikasikiliza tena ile sauti mara nyingi. Alikuwa na haki. Lakini hata mimi nilikuwa na haki. Ubaya wote ulikuwa ndani ya silabi moja: on.

Wenzangu wa kitivo wanaijua silabi hiyo vizuri. Katika Kifaransa cha mazungumzo, on inaweza kuwa « sisi ». Inaweza pia kuwa « wao », au « watu », au « mtu fulani », au hakuna mtu kabisa. Mwalimu wetu wa Kifaransa wa sekondari alikuwa akituonya kwamba on humtoa nje yule anayesema. Halafu yeye mwenyewe alikuwa akisema on alipotaka kusema « mimi na nyinyi ». Ndiyo maana neno hilo linapendwa ofisini. Mtu anaweza kulitumia mwaka mzima bila kulazimika kuonyesha yeye alisimama wapi wakati jambo likiamuliwa.

Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo kirahisi. Kitenzi kinadai mwenyewe. Tuliamua: nami nimo. Waliamua, au baliamua kama tunavyosema mjini Lubumbashi: mimi simo. Iliamuliwa: mwenyewe amefichwa, na kila msikilizaji anajua kwamba amefichwa. Mfasiri akikutana na on, hawezi kuivusha mpaka ikiwa nzima. Anapaswa kuchagua. Na katika utafiti unaouliza « nani aliongoza? », kuchagua huko ndiko jibu lenyewe. Mimi, mwanafunzi asiyejua lolote kuhusu siku ile, nilimteua kiongozi kwa kutumia kiambishi.

Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, mahojiano na wakubwa yanazidi kuwa njia ya kawaida ya kuchunguza jinsi nchi zetu zinavyounganishwa kwa barabara na reli, na wanafunzi wa lugha tunaitwa kama mafundi wa mwisho, baada ya maswali kuulizwa. Pili, baada ya mkutano ule nilisikia baadhi ya wenzetu wakisema: basi tuwaache wakubwa, tuwasikilize mashoferi tu. Naona hilo ni kosa kubwa kuliko langu.

Tuanze na hoja hiyo ya pili, kwa maana ina heshima yake. Mji wetu una kumbukumbu maarufu iliyoandikwa kutoka chini. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya Élisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa wakifanya kazi majumbani mwa Wazungu. Johannes Fabian aliitoa upya kama kitabu mwaka 1990. Na tangu mwanzo wa karne hii, kazi ya kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa Lubumbashi imetufundisha kwamba mfanyakazi wa kiwandani anajua mambo ambayo ofisi haikuyaandika. Sina la kupinga hapo.

Lakini shoferi anajua matokeo. Anajua amelala siku ngapi barabarani, amelipa nini na kwa nani, karatasi gani imerudishwa. Hajui simu ipi ilipigwa, na nani, saa ngapi. Tuchukue jambo la juzi. Mwezi wa Agosti 2024, baada ya Kongo kupiga marufuku kuingizwa kwa bia na vinywaji baridi kutoka nje, na wasafirishaji wa Zambia kulalamika, Zambia ilifunga upande wake wa mpaka pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ile ndiyo njia kubwa ya shaba na kobalti yetu kwenda kwenye bandari za kusini na mashariki. Siku chache tu baadaye, baada ya mazungumzo ya serikali mbili, mpaka ukafunguliwa. Kila shoferi anaweza kukuambia foleni ilikuwa na urefu gani. Lakini nani alitangulia kulegea? Nani alimshawishi waziri wake kwamba hasara ni kubwa kuliko heshima? Hilo haliko kwenye tangazo la serikali. Liko vichwani mwa watu wachache, na watu hao watastaafu, na watakufa. Tusipowauliza, tutabaki na sentensi ya gazeti: mpaka ulifunguliwa. Kana kwamba mpaka una mikono.

Historia ya uchukuzi wetu imejaa sentensi za namna hiyo. Tunafundishwa kwamba reli « ilifika » Élisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini. Reli haikutembea yenyewe. Kuna waliotafuta fedha, waliopatana juu ya bei ya kubeba mizigo, waliochagua ipite Sakania. Tunasoma kwamba reli ya Benguela « iliunganishwa » na Katanga mwaka 1931, kwamba « ilikatika » wakati wa vita vya Angola vilivyoanza 1975, na kwamba sasa « imefufuliwa ». Mwezi wa Januari 2023 Angola, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kuunda shirika la pamoja la kurahisisha uchukuzi kwenye ushoroba wa Lobito. Nchi zilitia sahihi. Nchi haina kalamu.

Kinyume chake, kuna miradi ambayo tumepewa majina mpaka tukashiba. Ukitaja TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kwa msaada wa China, mtu atakujibu mara moja: Nyerere na Kaunda. Ukitaja Kongo kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wanakumbuka picha ya Nairobi, tarehe 8 Aprili 2022, Rais Tshisekedi akitia sahihi. Majina hayo ni ya kweli. Ila marais wako kileleni, na mashoferi wako bondeni. Katikati kuna mteremko mrefu wa wakurugenzi, makatibu, wakuu wa vituo, marais wa vyama vya wasafirishaji. Huko ndiko mapatano yanakogeuka kuwa geti lililo wazi au geti lililofungwa. Na huko ndiko ile on inakokaa.

Kwa hiyo tuwahoji wakubwa. Swali ni: tuwahoji vipi?

Baada ya aibu yangu, mtafiti alikuwa muungwana. Alinipeleka tena kwa yule mkubwa, safari hii mimi ndiye niulize, kwa Kiswahili. Nilijiandaa kwa Kiswahili cha darasani, na sentensi yangu ya kwanza ilikuwa ndefu kama hotuba. Mzee akacheka. « Semea Kiswahili yetu, mwanangu. Hapa hatuko Dar es Salaam. »

Nikamuuliza juu ya siku moja tu: siku malori yalipoambiwa yasisimame tena mahali pa zamani. Alikuwa wapi asubuhi ile? Alisikiaje habari? Akajibu bila kufikiri sana: « Balisema malori isisimame pale tena. Siye tulitii tu. »

Ba-, halafu tu-. Katika pumzi moja alikuwa ameweka mstari kati ya walioamua na waliotii, mstari ambao katika saa nzima ya Kifaransa haukuonekana. Nami nikauliza swali ambalo kwa Kifaransa nisingethubutu kumwuliza mtu wa umri wake, kwa sababu kumwuliza mkubwa « on ni nani? » ni kama kumsahihisha sarufi. Kwa Kiswahili chetu lilitoka kama swali la kawaida la mtoto kwa mzee:

« Bo banani, Papa? »

Akanyamaza kidogo. Kisha akatabasamu. « Bo moya tu. »

Wao mmoja tu. Wasomaji wanaotoka upande wa Wabemba wameshaelewa. Katika Kibemba, ba- ni wingi, lakini pia ni heshima: mzee mmoja anatajwa kwa ba-. Pale Kasumbalesa, ambako Kibemba na Kiswahili vinakula sahani moja, « balisema » inaweza kuwa kikao cha watu ishirini, na inaweza kuwa mtu mmoja mwenye cheo. Bila lile swali la pili, ningerudi Makomeno nikiandika kwa furaha kwamba uamuzi ulikuwa wa pamoja. Ningekosea mara ya pili, na safari hii kwa lugha yangu mwenyewe.

Ndiyo maana sisemi kwamba Kiswahili kinasema kweli na Kifaransa kinadanganya. Sasa ambapo tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasikia watu wakitumaini kwamba Kiswahili sanifu kitatufungulia kila mlango. Kiswahili sanifu nacho kina ukungu wake, tena mzito. Soma barua yoyote ya ofisi: imeagizwa, imeonekana vema, itakumbukwa kwamba. Watanzania wana msemo mzima wa kazi hiyo: maelekezo kutoka juu. Juu wapi? Juu. Na Mzambia wa ofisini, upande wa Chililabombwe, atakuambia kwa Kiingereza jambo lile lile bila mtendaji. Hakuna lugha isiyo na pazia. Kila lugha inaweka pazia lake mahali pake, na anayejua lugha mbili au tatu anajua pa kushika ili kulivuta. Hapo ndipo mwanafunzi wa kitivo chetu ana faida kuliko mtafiti aliyejifunza siasa au uchumi peke yake.

Kuna pingamizi moja linalonigusa. Rafiki yangu mmoja, tulipozungumza habari hii, aliniuliza: « Na kama ile on ndiyo inayomlinda mzee asipoteze kazi? Wewe unamvua koti, halafu unakwenda zako. » Ni kweli. Mkubwa wa ngazi ya kati si simba. Juu yake kuna wengine, na anayetaja jina anaweza kulilipia. Katika nchi yetu si vizuri kulisahau hilo.

Jibu langu ni kwamba tutofautishe kuficha na kutojua. Nikishajua kwamba aliyeamua alikuwa mtu mmoja, wa ngazi ya juu ya yule niliyemhoji, nje ya ofisi yake, ninaweza kuandika hivyo hivyo bila jina, bila cheo, bila tarehe. Msomaji atajua sura ya uamuzi, na mzee atalala usingizi. Lakini nikiacha on ipite, simlindi mtu yeyote. Yule mzee hakulindwa na on siku ile mbele ya mashoferi. Neno lisilo na mwenyewe hutafuta mwenyewe, na humpata yule aliye karibu.

Napendekeza basi mambo matatu kwa wenzangu watakaoitwa kufanya kazi kama niliyofanya, na kwa walimu wetu wanaotutayarisha.

La kwanza: tusikubali kufasiri mahojiano ambayo hatuna sauti yake ya asili, na kila panapotokea mtendaji asiyejulikana, tuache neno la asili kwenye karatasi na tuandike pembeni: hapa haijulikani nani. Ni aibu ndogo kuliko kukisia. Mfasiri wa mahakama anafundishwa hivyo. Mfasiri wa utafiti naye afundishwe.

La pili: tuombe kuwapo wakati maswali yanatungwa. « Unauonaje uongozi katika kuunganisha nchi zetu? » ni swali linaloomba hotuba, na mkubwa anayo tayari. « Siku ile geti lilipofungwa, nani alikupigia simu wa kwanza? » ni swali linaloomba kitenzi chenye mwenyewe. Na swali moja liulizwe katika lugha mbili, si siku moja, ili tuone mtendaji anabadilika wapi. Pale anapobadilika ndipo pa kuchimba.

La tatu: kila tendo alilosimulia mkubwa, tulipeleke kwa mtu wa ngazi ya chini yake na kwa mtu wa upande wa pili wa mpaka. Si kwa kumtega. Uamuzi wa mpaka una pande mbili kwa asili yake, na anayesema « tu- » upande wa Kongo mara nyingi ni « wa- » upande wa Zambia. Shoferi anayepita pande zote mbili ndiye shahidi mzuri wa kulinganisha, na hapo ndipo wale wenzetu wanaotaka sauti ya chini watapata nafasi yao halali.

Nilirudi Kasumbalesa mara moja zaidi, kwa gharama yangu, kilomita kama 90 ndani ya teksi ya watu saba. Nilikuwa na karatasi mpya. Mahali pa « tuliamua » niliandika: « Mtu mmoja aliye juu ya ofisi hii aliamua, ofisi hii ilitii. » Niliwasomea mashoferi waliokuwapo, hawakuzidi kumi, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha lori. Yule wa makamo aliyevua kofia siku ile alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: « Sasa mimi nikiwa na lalamiko, nimupelekee nani? »

Nikamwambia kwamba jina silitoi, lakini ofisi ya mzee yule siyo mlango wenyewe, akipeleka lalamiko pale litabaki pale. Akafikiri, akasema atamwomba msamaha mzee akikutana naye. Kisha akapanda lori lake, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.